Miaka 30 katika bunge la jimbo Marekani si lazima iwe miaka 30 ya mshahara mnono

Wengi huamini kwamba aliyedumu miongo kadhaa katika bunge la jimbo nchini Marekani amekuwa Washington, katika bunge la taifa, akilipwa vizuri. Ni rahisi kudhani hivyo, maana neno "seneta" hutumika kote kuwili. Lakini mbunge wa jimbo huketi katika mji mkuu wa jimbo lake. New Hampshire, yenye wawakilishi 400, humlipa kila mmoja dola 100 kwa mwaka, kiwango cha tangu 1889! Texas hulipa dola 600 kwa mwezi. Kwa hiyo wengi wana kazi nyingine, au ni wastaafu. California hulipa vizuri kuliko majimbo hayo mawili. Ukitaka kuhakiki, soma katiba ya jimbo husika mtandaoni; ya New Hampshire inataja dola 200 kwa muhula wa miaka miwili.