Roboti wa angani si mtu wa chuma

Ukimwambia mtu kwamba wanaanga wana wasaidizi wa roboti, mara nyingi atawaza mtu wa chuma anayetembea chomboni na kupiga soga. Atembee wapi? Kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa kila kitu kinaelea, hivyo miguu ya kutembelea haina kazi.

Kweli, umbo la binadamu limewahi kujaribiwa. Robonaut 2 ya NASA ilifika kituoni mwaka 2011 ikiwa na kichwa, kiwiliwili na mikono tu. Miguu ilipelekwa mwaka 2014, nayo ilikuwa ya kushikilia vyuma vya ukutani, si ya kupiga hatua. Hitilafu za umeme zikaisumbua, na mwaka 2018 ikarudishwa duniani.

Wasaidizi waliopelekwa mwaka 2019, Astrobee, ni michemraba mitatu yenye upana wa takriban sentimeta 30. Huelea kwa kusukuma hewa kwa feni (ndiyo maana nje ya chombo, kusiko na hewa, haiwezi kwenda popote), hupiga picha, na hujirudisha yenyewe kwenye chaji. Waongozaji walio duniani wanaweza kuituma huku mwanaanga akiendelea na shughuli zake.

Kazi nzito zaidi hufanywa nje na Canadarm2, mkono wa mita 17 na ushei uliofungwa mwaka 2001. Hudaka hata vyombo vya mizigo. Hauna uso wala sauti, lakini mimi ningeuita msaidizi mkuu.