Mkojo unapitaje? Maswali kuhusu hesabu ya mabomba ya mwilini

Hivi hesabu inaingiaje kwenye mkojo jamani?
Inaingia sana tu. Figo zinachuja kama lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, karibu zote zinarudi kwenye damu, kinachobaki lita 1 mpaka 2 ndo mkojo. Sasa wataalamu wanachukua upana wa njia, presha na ulaini wa kuta wanaviweka kwenye kompyuta, waone mkojo utapita kwa kasi gani na utakwama wapi.

Si unashuka tu wenyewe?
Ungekua unashuka tu ukilala usingefika kibofuni. Ureta, ile mirija miwili inayotoka kwenye figo, inajikamua kwa mawimbi mara kadhaa kwa dakika.

Babu yangu yuko Masasi, anakojoa kwa kudondosha anasema ni uzee tu. Kweli?
Mpe shikamoo yangu, alafu mwambie aende akapimwe. Tezi dume imeuzunguka mrija wa kutolea mkojo, ikikua inaubana, na hapa ndo hesabu inatisha: kwa kanuni ya Poiseuille, yule Mfaransa wa karne ya 19, presha ikibaki ileile na upana wa bomba ukawa nusu, kinachopita hakibaki nusu, kinabaki sehemu moja ya 16! Hata upana ukipungua asilimia 10 tu, theluthi nzima imeenda. Kanuni yenyewe ni ya bomba gumu na sisi mrija wetu unatanuka, kwahiyo namba hazitakaa vilevile, ila mwelekeo ndo huo. Tatizo kibofu kinafidia, kinasukuma kwa nguvu zaidi miaka na miaka, mzee anaona mbona bado nakojoa, mpaka siku kimechoka. Hospitali kuna kipimo unakojolea kinasoma kasi, kilele kikiwa chini ya mililita 10 kwa sekunde wanaanza kutafuta kama njia imebana au kibofu ndo dhaifu, maana kipimo hicho peke yake hakitofautishi.

Na kichocho? Watoto huku wanashinda kwenye madimbwi.
Lindi na Mtwara kichocho cha mkojo kipo. Mayai ya minyoo yananasa kwenye kuta za kibofu na ureta, yanaacha makovu, njia inabana, mkojo unarudi nyuma figo zinavimba. Mtoto akikojoa damu mpeleke zahanati mapema, prazikwanteli inaua minyoo lakini kovu la siku nyingi linaweza lisiondoke.

Mkojo ukigoma kabisa, nijikamue?
Usijikamue wala usinywe maji mengi eti yausukume. Tumbo la chini limejaa na hautoki, nenda hospitali saa hiyohiyo wakuwekee mpira wa kutolea mkojo.