Namba ya oktani na gari la zamani lenye turbo

Namba ya oktani hupima jambo moja tu: petroli inastahimili kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla haijajiwakia yenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Haipimi nguvu, haipimi usafi, wala haikuambii lita moja itakufikisha wapi. Mwenye Vitz ya kawaida anayelipia petroli ya bei ya juu akitarajia gari liwe jepesi anamchangia tu mwenye kituo. Mwenye Impreza WRX ya 1998, yenye turbo (feni inayosukumia injini hewa iliyobanwa), akilipia petroli hiyohiyo, na ikawa kweli ina oktani ya juu, huenda anaiponya injini yake.

Tofauti ya magari hayo mawili iko ndani ya silinda. Pistoni inapopanda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, na hewa ikibanwa hupata joto. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua mdomo wa pampu unavyochoma. Plagi hupiga cheche pistoni ikikaribia kufika juu, moto ukaanza kutambaa kuelekea pembeni. Kadiri moto unavyotanuka, ndivyo unavyozidi kuubana mchanganyiko uliobaki pembezoni ambao haujaungua. Mchanganyiko huo ukizidiwa na joto kabla moto haujaufikia, unalipuka wote kwa mkupuo. Mawimbi ya shinikizo yanatikisa chumba cha mwako, mara 6,000 hadi 7,000 kwa sekunde kwenye silinda ya ukubwa wa kawaida, na dereva anasikia mlio mkavu wa kuchachatika kila akikanyaga mafuta. Huko ndiko kugonga kunakohusu oktani. Kugonga kwa beringi ni ugonjwa mwingine: mlio wake ni mzito, na hakuna petroli inayoutibu.

Madhara yake hayaji kwa kelele. Juu ya pistoni kuna tabaka jembamba la gesi yenye joto la chini kidogo, na hilo ndilo linaloikinga aluminiamu na moto. Mawimbi yale hulifuta, joto likaingia moja kwa moja kwenye pistoni, na ule ukingo mwembamba ulio kati ya ringi na ringi ukameguka. Kwenye Subaru zenye injini ya EJ20 jambo hili linajulikana sana: gari linaanza kula oili na kutoa moshi, kompresheni ya silinda moja imeshuka, fundi akifungua anakuta kipande kimekatika hapohapo kwenye ukingo wa ringi. Mafundi wengi huanza kutazama silinda namba nne.

Mizani ya oktani ilitokana na kazi ya mkemia Graham Edgar wa Ethyl Corporation ya Marekani, mwaka 1926. Isooktani, isiyogonga kirahisi, ilipewa 100. Heptani, inayogonga hovyo, ikapewa 0. Petroli inayogonga sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 ya isooktani na 5 ya heptani inaitwa oktani 95, basi. Kipimo hufanywa kwenye injini maalumu ya silinda moja, ambayo mgandamizo wake unaongezwa au kupunguzwa huku inazunguka.

Tatizo ni kwamba vipimo viko viwili. RON (Research Octane Number) hupimwa injini ikizunguka mara 600 kwa dakika. MON (Motor Octane Number) hupimwa kwa mizunguko 900, mchanganyiko ukiwa umepashwa moto hadi nyuzi 149, kwa hiyo namba yake hushuka, kwa kawaida pointi nane hadi kumi chini ya RON. Ulaya, Japani na kwetu Afrika Mashariki tunataja RON. Marekani na Kanada huandika kwenye pampu wastani wa vyote viwili, unaoitwa AKI.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Mwongozo wa gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani ukisema “91”, hiyo ni karibu RON 95 au 96. Ukiichukulia kuwa RON 91, umeshaipunja injini. Ile “87” yao ya kawaida nayo ni kama RON 91 au 92. Kabla ya kulinganisha namba yoyote na iliyo kituoni, uliza kwanza ni namba ya mizani ipi.

Magari mengi ya turbo yaliyo barabarani kwetu, hata hivyo, yametoka Japani. Ukifungua kifuniko cha tangi utaona stika. Ikiwa imeandikwa 無鉛プレミアム au ハイオク, gari linataka petroli ya oktani ya juu, ambayo Wajapani huiita haioku. Viwango vyao vinataka petroli ya kawaida iwe na RON isiyopungua 89, na haioku isiyopungua 96. Kwenye pampu zao haioku mara nyingi hukaribia 100. Injini ya WRX, ya Forester yenye turbo, 1JZ-GTE ya Mark II au SR20DET ya Nissan ilisetiwa taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, kwa mafuta hayo. Vitz ilisetiwa kwa RON 90 hivi, ndiyo maana haina cha kufaidi.

Kwa nini turbo ihitaji zaidi? Ukitazama karatasi tu utashangaa, maana injini za turbo za zamani zina mgandamizo mdogo, yaani pistoni haibani mchanganyiko sana: 8 kwa 1, 8.5 kwa 1, mara nyingine 9 kwa 1. Lakini hewa inaingia kwenye silinda ikiwa imeshabanwa tayari. Turbo ikisukuma presha ya baa 0.8 juu ya ile ya kawaida, silinda inapokea hewa inayokaribia maradufu, nayo imetoka kwenye turbo ikiwa na joto linaloweza kuvuka nyuzi 100. Intakula ndiyo inayoipoza. Subaru wakaiweka juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, na kwenye foleni ya mchana wa Dar es Salaam au Mombasa intakula hiyo inageuka kuwa jiko. Ukitoka kwenye foleni ukakanyaga hadi mwisho, sekunde zile za kwanza ndizo za hatari.

Kuna wanaosema Nairobi oktani ndogo inatosha kwa sababu ya mwinuko. Kwa gari lisilo na turbo wana hoja, kwa kuwa hewa ni nyepesi na presha ndani ya silinda inapungua. Turbo kazi yake ni kuliziba pengo hilohilo. Kompyuta ya gari ikitafuta presha iliyopangiwa, turbo itazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto zaidi. Nafuu ya mwinuko inapungua sana, na mimi nisingeitegemea.

Uzee wa gari nao unaongeza mahitaji. Kaboni iliyoganda juu ya pistoni inapunguza nafasi ya chumba cha mwako na inashika joto. Sili za turbo zilizochoka huvujisha oili kwenye hewa inayoingia, na mvuke wa oili unashusha oktani ya mchanganyiko mzima hata kama petroli yako ni safi. Halafu kuna noki sensa, kile kisikilizi kilichofungwa kwenye bloku. Saab walikuwa wa mwanzo kuitumia vizuri kwenye gari la turbo: mfumo wao wa APC, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulisikiliza kugonga na kupunguza presha ya turbo wenyewe, kiasi kwamba gari liliweza kutumia petroli za oktani tofauti. Magari mengine huchelewesha cheche. Lakini sensa ya miaka ishirini na tano inapasuka, na uwezo wa kompyuta za zamani kurudisha cheche nyuma una mpaka. Usimwamini anayesema “kompyuta itajirekebisha” kabla sensa haijapimwa.

Kuchagua kwenyewe si kugumu ukishajua namba: tumia iliyoandikwa na mtengenezaji, au inayoikaribia kwa juu. Ugumu ni kuipata. Mara nyingi pampu zetu haziandikwi namba yoyote, bali jina la kuvutia. Jina hilo linaweza kumaanisha tu viungio vya kusafisha nozeli, oktani ikiwa ileile ya petroli ya pampu ya jirani. Muulize msimamizi wa kituo RON ni ngapi. Akikujibu “hii ni kali”, hajakujibu.

Uchakachuaji ni hatari kuliko jina lolote. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, na kiasi kidogo tu kwenye petroli kinaishusha. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchanganyaji asipate faida. Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa 2018 kwa sababu hiyohiyo. Hata hivyo, mwenye turbo ana sababu ya kujaza kwenye kituo chenye wateja wengi na kushikamana nacho.

Chupa za kuongeza oktani zina ujanja wake. Tangazo likisema inapandisha “pointi 10”, mara nyingi pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani, kwa hiyo umenunua oktani moja. Zile zenye madini ya chuma huacha rangi nyekundu kwenye plagi, na zikizidi plagi zinaanza kukosa moto.

Kama oktani inayotakiwa haipatikani unapoishi, punguza mahitaji ya injini. Fundi anayejua programu anaweza kushusha presha ya turbo, tuseme kutoka baa 1.0 hadi 0.7, na kurudisha taimingi nyuma kidogo. Utapoteza nguvu kiasi. Ni nafuu kuliko kufungua injini.

Na siku umejaza mafuta usiyoyaamini safarini, endesha taratibu ili turbo isisukume presha. Ukipanda mlima, tuseme Kitonga au ukitoka Mai Mahiu, usilikokote gari kwa gia ya tano kwenye mizunguko 2,000 huku umekanyaga hadi chini, kwani hapo ndipo mchanganyiko unapokaa kwenye joto muda mrefu zaidi. Rudi gia ya tatu, legeza mguu, waache wenye haraka wapite. Gari likichachatika hata ukikanyaga kidogo, simama, na mafuta hayo yatolewe tangini.