Uhamisho wa wachezaji wa kikapu vyuoni Marekani: ya kijiweni na ya uwanjani

Kila Aprili, ubingwa wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ukishapata mwenyewe, vyuo vya Marekani huingia kwenye msimu mwingine usiochezwa kwa mpira. Miaka hii wachezaji zaidi ya 2,000 wa kikapu cha wanaume daraja la kwanza huandikisha majina kwenye lango la uhamisho, na vyuo vyenyewe ni 360 na ushei. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya watano kwa kila timu, kwenye kikosi cha watu 15 au pungufu.

Wanaofuatilia kutoka huku kwetu huhukumu uhamisho kwa vitu viwili, jezi mpya na wastani wa pointi. Vyote viwili vinadanganya kirahisi. Kinachomjenga au kumdumaza kijana ni kazi anayopewa na kocha kila siku: asimame wapi, aukimbilie mpira upi, akosee mara ngapi kabla ya kuitwa benchi. Tuyapitie yanayosemwa sana.

Dhana: Ni usajili kama wa Simba na Yanga, chuo kinamnunua mchezaji kutoka chuo kingine

Hakuna ada inayopita kati ya chuo na chuo. Mchezaji mwenyewe huiandikia ofisi ya chuo chake inayosimamia kanuni, nayo ina siku mbili za kazi kuingiza jina lake kwenye kanzidata iliyoanza kutumika Oktoba 2018, ambayo ndiyo lango lenyewe. Kocha hana la kuzuia. Kabla ya hapo alikuwa nalo, kwa sababu chuo kiliweza kuwanyima makocha wengine ruhusa ya kuzungumza na mchezaji wake.

Pesa zipo, tena nyingi. Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na picha yake. Juni 2025 mahakama iliidhinisha maridhiano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo, kwa ukomo wa kama dola milioni 20.5 kwa chuo, michezo yote pamoja, katika mwaka wa kwanza. Lakini zinakwenda kwa mchezaji. Chuo kidogo kilichomlea kwa miaka miwili na kumfundisha hata namna ya kuweka miguu hakiambulii senti, na kwangu mimi hilo ndilo lenye uchungu kuliko kelele zote kuhusu uaminifu.

Kuna jingine lisilotajwa sana. Jina likishaingia langoni, chuo anachotoka kinaruhusiwa kumkatia ufadhili muhula ukiisha. Anayeruka bila kuona pa kutua anaweza kujikuta daraja la pili, au nyumbani.

Dhana: Kanuni ya zamani ya kukaa nje msimu mzima ilikuwa adhabu tupu

Hadi 2021, aliyehama katika kikapu alilazimika kukaa msimu mmoja bila kucheza mechi. Mwaka huo akaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Desemba 2023 jaji wa shirikisho huko West Virginia akazuia kanuni iliyowabana waliohama zaidi ya mara moja, na kufikia Aprili 2024 NCAA ikaruhusu kuhama mara yoyote ile, mradi mchezaji awe vizuri kimasomo.

Kanuni ile haikuwa ya haki, kwa sababu kocha aliweza kuondoka Jumatatu na Jumanne akawa anatambulishwa kwingine. Ila mwaka ule wa kukaa nje ulikuwa na faida yake. Brandon Clarke alitoka San José State kwenda Gonzaga na msimu wa 2017–18 hakucheza mechi hata moja. Alikuwa mazoezini akiujenga upya mtupo wake, na kila aliyewahi kubadilisha mtupo anajua kwamba miezi ya kwanza unakuwa mbovu kuliko ulivyoanza. Msimu uliofuata alifunga wastani wa pointi 16.9 huku akiingiza karibu asilimia 69 ya mitupo yake, na mwaka 2019 akachaguliwa wa 21 kwenye drafti, siku ambayo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Leo anayehama anatakiwa kufunga Novemba, na hakuna kocha atakayemwacha akose mtupo kwa miezi minane kwa ajili ya faida ya baadaye, hasa akijua kwamba baadaye hiyo huenda ikavunwa na chuo kingine.

Dhana: Wastani wa pointi ukishuka, basi amekosea kuhama

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Pointi za mechi ni zao la vitu vingi, na cha kwanza ni kasi. Timu ya chuo cha Virginia ya kocha Tony Bennett, aliyeiongoza hadi alipostaafu Oktoba 2024, ilicheza karibu mashambulizi 60 kwa mechi ya dakika 40, wakati timu zenye haraka huzidi 70. Mchezaji yule yule, mwenye ubora ule ule, akicheza Virginia ataonekana amepungukiwa pointi mbili tatu ambazo hakuzipoteza popote.

Na ulinzi wao ulikuwa shule peke yake. Yule anayekabiliana na mwenye mpira anambana. Wengine wanne hurudi ndani ya upinde wa kufikirika, kama mita tano kutoka kwenye kikapu, ili kila njia ya kupenya ikute kifua. Inachosha na haipendezi kwenye televisheni. Kijana akizembea kurudi nyuma hata mara moja, anatolewa.

Trey Murphy III aliingia kwenye mfumo huo mwaka 2020 akitokea chuo cha Rice. Rice alikuwa akifunga wastani wa 13.7, Virginia ukashuka hadi 11.3. Anayesoma takwimu kwa simu atasema mtoto kaharibikiwa. Maskauti waliona mrefu anayeingiza zaidi ya asilimia 43 ya mitupo ya pointi tatu, anayejua pa kusimama asipokuwa na mpira, na asiyevuruga ulinzi. Alichaguliwa wa 17 mwaka 2021, baada ya msimu mmoja tu. Kabla yake Malcolm Brogdon alitumia miaka yake yote ya chuo hapo hapo, akachaguliwa wa 36 mwaka 2016, na msimu wake wa kwanza NBA ukaisha akiwa mchezaji chipukizi bora wa ligi. Alipofika kwenye timu yake ya NBA, Milwaukee, hakukuwa na haja ya kumfundisha kukaba.

Sisemi mfumo wa Bennett unamfaa kila mtu. Mchezeshaji anayeishi kwa kukimbia na mpira uwanja ukiwa wazi angekufa njaa pale. Lakini huwezi kumpima kwa pointi bila kuuliza timu ilishambulia mara ngapi.

Dhana: Aliye bora ni bora popote

Oscar Tshiebwe ni mtoto wa Lubumbashi, mji wenye Kiswahili chake chenye ladha ya peke yake. Alifika Marekani akiwa kijana, akapitia sekondari za Virginia na Pennsylvania, na mwaka 2019 akaenda chuo cha West Virginia kwa kocha Bob Huggins. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri: pointi 11.2 na ribaundi 9.3, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka yeye. Wa pili ukakwama. Alikuwa akigawana eneo la chini ya kikapu na mrefu mwenzake, Derek Culver, na watu wawili wanaotaka kusimama pale pale huwaletea walinzi wa wapinzani raha, maana mmoja anaweza kuwachunga wote wawili. Baada ya mechi kumi wastani wake ulikuwa pointi 8.5 na ribaundi 7.8. Akaondoka katikati ya msimu kwenda Kentucky, akafanya mazoezi miezi yote iliyobaki bila kucheza.

Msimu wa 2021–22 kocha John Calipari alimpa eneo lote la ndani awe peke yake. Pembeni aliwekewa Kellan Grady, mtupaji wa mbali aliyehama kutoka Davidson, na mpira ukawa mikononi mwa Sahvir Wheeler, aliyehama kutoka Georgia na ambaye kazi yake ilikuwa kugawa. Beki aliyemwacha Grady ili kumsaidia mwenzake kwa Tshiebwe alilipia kwa pointi tatu. Na kila mtupo uliokosa, wa mwenzake au wa adui, ulimkuta mwamba amekwishaweka mgongo wake. Alimaliza na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, kiwango cha ribaundi ambacho daraja la kwanza halikuwa limekiona kwa takriban miaka 40, akazoa tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa nchi.

Je, alijifunza kucheza upya ndani ya miezi kama kumi? Mwili wake uliimarika, sawa. Lakini nguvu ile, mikono ile na njaa ile ya mpira alikuwa nayo West Virginia. Kilichobadilika ni nafasi ya kusimama na watu waliomzunguka.

Dhana: Mfumo uliomfanya nyota chuoni utamfikisha NBA

Huyo huyo Tshiebwe aliingia drafti ya 2023 na majina 58 yakasomwa bila lake kutajwa. Akapata mikataba ya njia mbili, kwanza Indiana Pacers na kisha Utah Jazz, inayomfanya mchezaji apande na kushuka kati ya NBA na ligi ya chini yake. NBA inataka mrefu atoke nje kumkaba mchezeshaji mwepesi, au atupe mpira kwa mbali, na Kentucky hakuna aliyemwomba hayo. Kwa nini wangemwomba, wakati alikuwa akiwapa ribaundi 15?

Watanzania wanaikumbuka hadithi inayofanana na hii. Hasheem Thabeet hakuhama chuo. Alikaa UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, ya kocha Jim Calhoun misimu mitatu, na wa mwisho, 2008–09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 ya wapinzani aliyoizuia, timu ikafika nusu fainali ya taifa. Timu ya NBA ya Memphis ikamchagua wa pili, kabla ya James Harden na Stephen Curry. NBA akaambulia wastani wa pointi 2.2.

Kijiweni wanasema alikuwa mvivu au alichaguliwa kwa bahati. Tazameni kanuni kwanza. Katika mpira wa vyuo vya NCAA, mlinzi mrefu anaweza kujenga nyumba chini ya kikapu na kumsubiri anayekuja. NBA, tangu msimu wa 2001–02, mlinzi haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu kwenye eneo lile bila kumkaba mtu kwa karibu. Kazi aliyoifanya vizuri kuliko wote ilipunguzwa kwa sheria, na ambayo hakuwa ameijenga, kusogea kwa miguu nje ya eneo lile, ndiyo ikawa mtihani wa kila usiku. Hilo halielezi kila kitu, lakini linaeleza mengi kuliko maneno ya uvivu.

Dhana: Anayekaa benchi anapoteza muda, ahame

Donovan Clingan alikaa nyuma ya Adama Sanogo msimu mzima UConn, timu ikachukua ubingwa wa 2023. Alibaki, akaanza, wakachukua tena 2024, akachaguliwa wa saba. Zach Edey alianza Purdue akicheza kama dakika 15 kwa mechi. Mwaka wa nne alikuwa na pointi 25.2, na kocha ni yule yule Matt Painter. Benchi yenye mpango ni shule. Benchi isiyo na mpango, ndiyo, ikimbie.

Dhana: Mabingwa wa siku hizi ni timu za kukusanya

Florida ya 2025 ilianza na wachezaji wanne kati ya watano waliotoka vyuo vingine, ikaifunga Houston 65–63 kwenye fainali. Inaonekana kama ushahidi. Lakini Will Richard, aliyetoka Belmont, alikuwa kwenye msimu wake wa tatu hapo. Walter Clayton, aliyekuwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho, alikuwa kwenye wa pili. Alitoka Iona wakati kocha wake maarufu Rick Pitino alipohamia St. John's, na badala ya kumfuata akarudi jimbo la kwao kwa Todd Golden. Waliletwa, halafu wakakaa.

Dhana: Masomo na viza vinahama pamoja na mchezaji

Ili aendelee kucheza daraja la kwanza, mwanafunzi lazima awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake mwisho wa mwaka wa pili, 60 wa tatu na 80 wa nne. Chuo kipya kikikataa kuhesabu baadhi ya kozi zake, hesabu hiyo inarudi nyuma, na mara nyingi analazimika kubadilisha fani ili itimie.

Kwa anayetoka kwetu kuna tabaka jingine. Mwenye viza ya mwanafunzi anatakiwa kumbukumbu zake za uhamiaji zihamishwe kutoka chuo hadi chuo na apewe hati mpya na chuo kipya. Na kazi ya malipo ndani ya Marekani amebanwa nayo, hata wenzake wakitangaza magari na viatu. Kentucky walipokwenda Bahamas kwa mechi za maandalizi Agosti 2022, Tshiebwe alizitumia siku zile kufanya kazi za mikataba yake ya matangazo huko huko, nje ya mipaka ya Marekani. Mzazi anayeongea na kocha wa Marekani kwa simu aanze na maswali hayo mawili, kozi zipi zitahesabiwa na nani anashughulikia hati za uhamiaji, kabla ya kuuliza habari za dakika za kucheza.