Lenzi za zamani kwenye kamera mpya: yanayosemwa Lamu, na ukweli wake

"Lenzi ya kamera ya filamu haifai kwenye kamera ya dijitali." Hili husemwa sana na vijana wanaopiga picha za Maulidi na mashindano ya majahazi. Si kweli. Lenzi kazi yake ni kupitisha mwanga. Nyuma yake kuwe na filamu au sensa (kidude kinachopokea mwanga kwenye kamera ya dijitali), kwake ni mamoja. La msingi ni umbali kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kwenye sensa. Lenzi za skrubu za M42, kama Helios 44-2, zinataka milimita 45.46. Kamera za Sony za mlango wa E zina 18 tu, basi adapta, pete ya kuunganisha lenzi na kamera, inajaza hizo 27 na ushee. Nikon ya DSLR, yenye kioo cha kuakisi ndani, ina 46.5: hapo lenzi imekaa mbali mno. Utampata vizuri uliyekaa naye barazani, lakini jahazi lililo upande wa Manda halitatoka wazi hata uzungushe pete ya fokasi mpaka mwisho.

"Adapta inaharibu picha." Ya kawaida ni pete ya chuma na hewa katikati, iharibu nini? Zenye kipande cha lenzi ndani, zile za kuokoa tatizo la Nikon, ndizo za kutilia shaka, hasa za bei ya chini.

"Lenzi ya milimita 50 hugeuka 75." Inabaki 50. Sensa ndogo ya APS-C inakata kingo tu.

"Kamera haitapima mwanga." Ya Sony inapima. Ruhusu kwenye menyu ipige bila kutambua lenzi, weka modi ya A, tundu la kupitisha mwanga kwenye lenzi ulizungushe mwenyewe. Kama kamera yenyewe ina kizuia mtikisiko, iandikie milimita za lenzi, la sivyo itakisia vibaya.

Linalonikera zaidi ni hili: "Mkoba wa ngozi wa lenzi ndio kinga bora." Kwa unyevu wa pwani yetu? Ngozi hushika unyevu, na kuvu hustawi humo. Kabla ya kulipa, fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma na utazame kwa upande. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, irudishe. Kitambaa hakifiki huko ndani. Nzima iweke kwenye kopo linaloziba vizuri, pamoja na vifuko vya silika vilivyo vikavu.

Umanjano nao si lazima uwe uchakavu. Baadhi ya Super-Takumar 50 f/1.4 zina thoriamu, madini yenye mionzi, kwenye vioo, na mionzi yake ndiyo inayovitia rangi. Jua la dirishani huipunguza siku hadi siku, ila weka mbali na pazia: lenzi huwasha moto.