Eneo la ulinganisho: uzio wa kupimia malisho

Mvua ikikatika, nyasi huisha. Ng'ombe wakizidi, nyasi huisha vilevile. Ukisimama kwenye mbuga iliyobaki vumbi, utajuaje ni lipi limeimaliza? Ndiyo maana watafiti huzungushia uzio kipande cha mbuga, mifugo isiingie, kikawa eneo la ulinganisho. Mvua ya ndani ni ileile ya nje, udongo uleule. Kinachotofautiana ni midomo na kwato.

Usilichanganye na ngitili ya Wasukuma. Ngitili ni malisho yaliyotengwa, hutunzwa ili kiangazi kikikaza ng'ombe wafunguliwe wale. Eneo la ulinganisho halifunguliwi hata malisho yakiadimika, jambo ambalo mfugaji ana haki ya kulishangaa.

Uzio wenyewe haupimi kitu. Kipimo hutokana na kurudi palepale, msimu kwa msimu, kwa njia ileile. Njia mojawapo ni fremu yenye pini kumi: unaisimika, unashusha pini moja moja, na kila jani lililoguswa unaandika ni la nyasi gani. Pini ikifika chini bila kugusa mmea, unaandika udongo mtupu. Kisha unahamia kituo kinachofuata. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na usipoifanya nje ya uzio pia, takwimu za ndani hazina kazi.

Mfano mzuri uko kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, nchini Kenya. Tangu 1995 kuna viwanja 18 vya hekta 4 kila kimoja, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Huko hawakuishia kuwafungia nje wanyama wote: viwanja vingine huingia ng'ombe peke yao, vingine wanyamapori, vingine ng'ombe na wanyamapori isipokuwa tembo na twiga. Ndiko mtafiti Wilfred Odadi na wenzake walikopata matokeo waliyochapisha 2011: kiangazi, wanyamapori huwapunguzia ng'ombe malisho na uzito; lakini wakati wa mvua, ng'ombe wanaolisha pamoja nao huongeza uzito zaidi, kwa kuwa pundamilia na wenzake hupunguza mashina makavu na majani yenye lishe yakapatikana kwa urahisi.

Na nyasi za ndani si lazima ziwe bora. Zisipoliwa wala kuungua, nyasi kuukuu hurundikana na kuyanyima machipukizi mwanga. Themeda triandra, nyasi ya asili ipendwayo na ng'ombe, hudhoofika hivyo. Mtu akikuambia mbuga halisi ya asili ndiyo ile iliyo ndani ya uzio, muulize swala na moto vilikuwa wapi kabla uzio haujawekwa.