Grafiti si kila rangi iliyo ukutani

Juzi nimeletewa mwaliko wa uzinduzi wa "grafiti kubwa" kwenye ukuta wa ofisi fulani. Picha iliyoambatanishwa ilionyesha mwanamke amefumba macho, maua yamemzunguka kichwa, rangi zimepangwa kwa adabu, kazi ya brashi isiyopungua wiki nzima. Nzuri, sina neno. Ila ndani yake hakuna herufi hata moja. Hii ni mara ya sijui ngapi mwaka huu, na nimeona afadhali niandike kuliko kuendelea kununa peke yangu.

Kwa ufupi, grafiti kama wenyewe wanavyoielewa ni sanaa ya kuandika jina. Mtu anajichagulia jina, analiandika mahali pa watu, analirudia na kulirudia kwa mkono wake mpaka wanaojua wanamtambua bila kuwahi kumwona. Linaweza kuwa saini ya sekunde tatu kwa maka peni, au herufi za rangi ya kupuliza zinazoenea behewa zima la treni. Katuni, nyota, mishale na mawingu yanayowekwa pembeni ni mapambo. Jina ndilo lenyewe.

Sasa neno. Waitaliano wana kitenzi graffiare, yaani kukwaruza. Graffito ni mkwaruzo mmoja, graffiti ni mikwaruzo mingi. Ukirudi nyuma zaidi unafika kwa Wagiriki na kitenzi chao graphein, kilichoanza kwa maana ya kukwaruza kisha kikabeba kuandika na kuchora kwa pamoja. Ukoo huohuo ndio uliotuletea jiografia na biografia. Anayeshangaa kitenzi kimoja kubeba mizigo yote hiyo aliangalie "kuchora" letu: twalitumia kwa picha ya penseli, na twalitumia pia kwa kukata alama juu ya mti au chuma. Sonara akichora jina kwenye pete hatumii rangi. Ncha kali ilitangulia, rangi imekuja baadaye.

(Wako wasomi wanaoumia mtu akitumia "graffiti" kwa umoja. Kiswahili kimejitoa kwenye ugomvi huo mapema: grafiti hii, grafiti hizi, ngeli ya I-ZI imefunga kesi.)

Neno lilipata umaarufu katika karne ya 19 kupitia watu waliochunguza kuta za Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Kuta hizo zilikuwa na maandishi ya kila aina, na wachunguzi wakayagawa mafungu mawili. Yaliyopakwa kwa brashi, kama matangazo ya wagombea wa uchaguzi, waliyaita dipinti. Yaliyokwaruzwa kwa ncha na mpita njia yeyote, majina, matusi, salamu, mapenzi, madeni, hayo ndiyo graffiti. Kwa hiyo hata tukienda mahakama ya wanaakiolojia, yule mwanamke wa maua na brashi yake anashindwa kesi. Sitaficha kwamba kopo la rangi nalo linashindwa. Mshindi ni yule aliyekwaruza jina lake kwa msumari kwenye mlango wa choo, na sidhani kama aliwahi kualikwa kwenye uzinduzi wowote.

Kuna beti moja la Kilatini pale Pompeii, limekutwa zaidi ya mahali pamoja, ambalo mtu aliuandikia ukuta wenyewe. Maana yake ni kama hivi: nashangaa, ewe ukuta, kwamba hujaporomoka, nawe umebeba maandishi ya kuchosha ya waandishi wengi namna hii. Neno alilotumia ni scriptorum, "ya waandishi". Hakusema wachoraji. Nami nikisoma beti hilo huwa naona kama mtu yule aliona New York kabla haijajengwa.

Maana wale vijana wa Marekani walioanzisha grafiti hii ya majina, miaka ya 1960 na 1970, nao walijiita waandishi. Philadelphia ilikuwa na Cornbread, aliyelieneza jina lake mjini mwishoni mwa miaka ya 1960. New York ilikuwa na JULIO 204, na baada yake TAKI 183, kijana wa asili ya Kigiriki aliyekuwa tarishi, akizunguka jiji na bahasha mkononi na maka peni mfukoni. Taki ni ufupisho wa jina lake, 183 ni namba ya mtaa wake. Tarehe 21 Julai 1971 gazeti la New York Times lilimwandika, na kichwa cha habari kikafanya mzaha kwamba Taki amezaa marafiki wa kalamu. Kalamu! Hata mhariri wa gazeti, aliyeiona kadhia hiyo kwa mbali, alijua kwamba habari ni ya kuandika.

Mwaka uliofuata jiji likapitisha sheria dhidi ya "grafiti", na neno la wanaakiolojia likawa la polisi. Wenyewe hawakulichagua. PHASE 2, mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa herufi, aliyezivimbisha zikawa laini kama mapovu mwaka huohuo wa 1972, alilikataa neno hilo hadi alipofariki mwaka 2019. Kwake yeye kazi ilikuwa uandishi. Naheshimu kukataa kwake, ingawa natumia neno grafiti kwa sababu nisipolitumia hamtajua nasema nini.

Hapo ndipo penye tofauti inayonikera ikipuuzwa, na haihusu uzuri. Mchoro wa ukutani unasema na mpita njia: unamtaka asimame, aelewe, afurahi. Grafiti husema kwanza na waandishi wengine. Ndiyo sababu herufi zilizidi kufungamana, mkono wa hii ukipita chini ya mguu wa ile, mishale ikichomoza huku na kule, hadi mtu wa kawaida asiweze kusoma chochote. Watu hulalamika kwamba "haisomeki", kana kwamba ni kosa. Haikukusudiwa isomeke na kila mtu. Treni zilipendwa kwa sababu hiyohiyo ya kusemezana. Jina lililoandikwa usiku Bronx, upande mmoja wa New York, liliamka asubuhi likipita Brooklyn, upande mwingine, na mwandishi wa upande wa pili, ambaye hamjawahi kuonana, akaona mkono wako na kujua ana mshindani. Jiji lilipotangaza tarehe 12 Mei 1989 kwamba behewa la mwisho lenye grafiti limeondolewa kwenye huduma, lilikuwa limekata njia ya barua pamoja na kusafisha mabati.

Kuhusu galari, wengi hudhani ni jambo la juzi, kwamba mtaa ulinyanyasika weee, halafu matajiri wakaamka. Si hivyo. Tayari mwaka 1972 Hugo Martinez, mwanafunzi wa sosholojia, aliwakusanya waandishi katika kikundi cha United Graffiti Artists, na mwaka 1973 kazi zao zikatundikwa Razor Gallery, mtaa wa SoHo. Mwaka 1979 Lee Quiñones na Fab 5 Freddy walionyesha kazi zao Roma. Fun Gallery ilifunguliwa 1981. Yaani kabati la glasi lilikuwepo karibu tangu mwanzo, likienda sambamba na mbio za usiku kwenye maegesho ya treni.

Kilichovuruga lugha ni majina mawili ya wasanii wa New York. Keith Haring alichora kwa chaki kwenye karatasi nyeusi zilizobandikwa katika nafasi tupu za matangazo ndani ya stesheni za treni. Jean-Michel Basquiat, pamoja na Al Diaz, aliandika kwenye kuta sentensi za kejeli chini ya jina SAMO. Wote wawili walijuana na waandishi, walionyesha kazi pamoja nao, waliwaheshimu. Lakini Haring alichora vikaragosi, na Basquiat alikuwa mchoraji wa turubai. Mchoro wake wa fuvu wa mwaka 1982 ulipouzwa dola milioni 110.5 kwenye mnada wa Sotheby's mwaka 2017, nilisikia tena na tena kwamba "grafiti imeuzwa". Grafiti gani? Hata Banksy, anayetajwa kila neno hili linapotajwa, kazi yake ni stensili, yaani rangi inayopulizwa juu ya kiolezo kilichokatwa, na stensili zake ni picha zenye utani ambao mtoto anauelewa. Ni sanaa ya mitaani. Jina hilo lipo, lina nafasi ya kutosha, na halimdhalilishi mtu.

Msinielewe kwamba mpaka ni ruhusa. Hilo nalo ni kosa, na wanaolifanya ni wale wanaojidai wakali zaidi. Jengo la 5Pointz huko Queens, New York, liliandikwa kwa ruhusa ya mwenyewe kwa miaka, na wageni walikuja kuliona kutoka nchi nyingi. Mwaka 2013 mwenye jengo alizipaka kazi hizo rangi nyeupe usiku mmoja. Wasanii 21 walimshtaki, na mwaka 2018 jaji akaamuru walipwe dola milioni 6.7. Baadhi ya kazi zilizofutwa zilikuwa herufi safi, grafiti kwa kila kipimo, na zilikuwa halali. Nyingine zilikuwa picha. Ukuta mmoja ulibeba zote, na wasanii wenyewe walijua ipi ni ipi bila kuhitaji kikao.

Vilevile mtu mmoja anaweza kufanya yote mawili. Lady Pink, mzaliwa wa Ecuador, alianza kuandika kwenye treni za New York mwaka 1979 akiwa msichana katikati ya wavulana, na baadaye amechora michoro mikubwa ya ukutani na turubai za galari. Akichora mwanamke mwenye umbo la jengo la matofali, huo ni mchoro. Akiandika PINK, hiyo ni grafiti. Mkono ni uleule.

Kwa hiyo nimewajibu wale wa mwaliko, kwa heshima zote, kwamba kazi yao ni murali, au mchoro wa ukutani kama wanapenda Kiswahili kilichonyooka, na kwamba aliyeuchora ni mchoraji, tena hodari. Kama baadaye wanataka grafiti kweli, wasianze kwa kuuliza "unachora nini?" Waandishi wanapokutana kwa mara ya kwanza huulizana "unaandika nini?", na jibu lake ni jina.